Chemosit ni ngano, kisasili au nini?

Mwaka wa 1812 ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walianza kuchapisha ngano walizokusanya. Mwaka wa 1816 wakatoa kitabu kingine, hiki cha visakale. Mnamo 1835 Jacob, safari hii peke yake, akachapisha kazi nzito kuhusu visasili vya Wajerumani wa kale. Vitabu vitatu, masanduku matatu. Mwalimu anayeandika ubaoni "ngano, visakale, visasili" hapa Kaplong, pale njia ya kutoka Kericho na Litein inapokutana na ile ya Bomet na Sotik, anayafungua masanduku yayo hayo, na pengine hajawahi kuambiwa ni nani aliyeyachonga.

Aliyeyapiga msasa ni Mmarekani William Bascom, katika makala yake ya 1965. Kipimo chake kilikuwa imani. Kisasili huaminiwa na hupewa utakatifu. Husimulia mambo ya zama za mbali, ulimwengu ulipokuwa haujakaa ulivyo sasa. Kisakale, ambacho wengine tunakiita mighani, nacho huaminiwa, ila ni cha watu na cha juzijuzi kidogo. Ngano haiaminiwi na yeyote. Hutambwa kwa kujiburudisha na kuwafunza watoto. Mgawanyo mzuri, mwepesi kukariri. Ndiyo maana ulipendwa na watunzi wa vitabu vya kiada.

Ulitufikia wakati tulipokuwa na njaa nao. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, ikiwemo ile ya mdomo. Kule Makerere, Pio Zirimu alikuwa akitafuta istilahi isiyoifanya fasihi simulizi ionekane kivuli cha iliyoandikwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima. Kufikia mtihani wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, walimu walihitaji istilahi, na walizihitaji jana. Wataalamu wa Dar es Salaam na Nairobi wakaingia karakana. Tazama neno visakale: ni visa vya kale vilivyofinyangwa pamoja. Kisasili nacho kimebeba kisa na asili. Ufundi huo naustahi, maana kuunda neno ambalo watoto wa nchi nzima watalitumia si mchezo.

Lakini Waswahili wenyewe hawakuwa wamekaa kimya wakingojea istilahi. Askofu Edward Steere alipochapisha masimulizi ya Unguja mwaka 1870, alitumia maneno aliyoyasikia: hadithi na kisa. Habari za Liongo, shujaa aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, ziliitwa hadithi tu. Leo mwanafunzi akimwita Liongo hadithi bila kutaja mighani, alama imeruka. Hadithi kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya mazungumzo au habari; halikuuliza kama msikilizaji anaamini. Hurafa, tunalolitumia kwa visa vya wanyama, lina kisa chake. Waarabu husimulia kwamba Khurafa alikuwa mtu aliyechukuliwa na majini, akarudi na kueleza aliyoyaona, nao watu wakamwona mwongo. Yaani jina la utanzu limetokana na mtu asiyesadikiwa! Ngano nalo ni la Kibantu na lina ndugu wengi: Wakikuyu wana rũgano, Washona wana ngano vilevile, na Wakisii, ambao ni majirani zetu ukiteremka kutoka Sotik, wana omogano.

Wakipsigis si Wabantu, na hapo ndipo mambo hukaza.

Kila mtoto aliyelelewa katika vilima hivi vya majani chai anamjua Chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, anamweleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Kitabu cha kiada kitasema mara moja: huyo ni zimwi, kwa hiyo hizo ni ngano za mazimwi. Umemaliza. Sasa ngoja. Walowezi wa Kizungu waliposikia habari zake hawakuziita ngano. Walizungumza juu ya "dubu wa Nandi", wakaandika taarifa za kumwona na kubishana kama ni fisi au mnyama asiyejulikana na sayansi. Kiumbe yuleyule, kwa kipimo cha Bascom, ni ngano ya watoto jikoni, ni imani ya mtu anayepita msituni peke yake usiku, na ni elimu ya wanyama kwa mlowezi mwenye bunduki.

Nimeona daftari la kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyetumwa nyanjani kukusanya masimulizi. Aliandika kwamba kogo wake, yaani nyanya yake, alimsimulia kuhusu Chemosit huku akicheka, lakini alipofika mahali fulani akashusha sauti na kukataa kuendelea mpaka mlango ufungwe. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Taja kipera. Mengine hayahitajiki." Simlaumu sana, ana madaftari hamsini na silabasi haimngoji. Lakini huo mlango uliofungwa ndio uliokuwa utafiti wenyewe.

Dan Ben-Amos aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1969, miaka minne tu baada ya Bascom, alitofautisha tanzu zinazoundwa na wachambuzi ili walinganishe jamii mbalimbali na tanzu ambazo jamii yenyewe inazitambua na kuzipa majina. Za kwanza ni vifaa vya kazi. Za pili ni sehemu ya utamaduni unaochunguzwa. Hapa kwetu mtoto wa Kipsigis hujifunza kwamba tangoch ni kitendawili kwa Kiswahili, naye anatosheka, kwa sababu ulinganifu upo karibu kabisa. Masimulizi hayalingani kirahisi hivyo. Ciarunji Chesaina alichapisha kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Wakalenjin mwaka 1991. Mwalimu wa Kaplong angekiweka mezani kando ya kitabu cha kiada, hata kama mtihani utaulizwa kwa Kiswahili.

Na mtihani utaulizwa, kwa hiyo nisiwaache watahiniwa njia panda. Andika "ngano ya mazimwi", chukua alama yako. Halafu katika ripoti ya nyanjani ongeza mistari mitatu: nani alisimulia, alimsimulia nani na saa ngapi, na ni wapi alipoacha kucheka.