Faiba ya kutengeneza mwenyewe: fundi wa bodaboda aunde nini, na nini asiguse

Msikilizaji, huenda nawe umeiona video ya aina hii kwenye simu. Mzungu yuko kwenye banda la nyumba yake, nje theluji imejaa, naye analaza kitambaa cheusi juu ya kalibu na kukipaka gundi kwa brashi. Baadaye anabandua boneti jeusi linalong'aa, jepesi kiasi cha kulinyanyua kwa mkono mmoja. Boneti hilo ni la pikipiki ya theluji. Vijana wa bodaboda wametuuliza: kitambaa kile ni kitu gani, na je, fundi wa hapa Ifakara anaweza kutengeneza kava la pikipiki kwa njia hiyo?

Jibu letu ni kwamba kazi inawezekana, ila kwa kitambaa kingine, na si kwa kila kipande cha pikipiki.

Tuanze na chombo chenyewe. Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili bapa za kuteleza, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa katapila. Mtu anayetajwa sana katika historia yake ni Joseph-Armand Bombardier, fundi makanika wa Quebec, nchini Kanada. Tangu ujana wake alikuwa akihangaika kuunda chombo cha kupita kwenye theluji. Januari 1934 mwanawe wa miaka miwili aliugua tumbo vibaya, barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, na mtoto akafa kwa kukosa kufikishwa hospitali. Mwaka 1959 kampuni yake ilianza kuuza pikipiki ndogo ya theluji iitwayo Ski-Doo.

Kwetu kizuizi ni maji. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, mgonjwa kutoka Mahenge au Malinyi alisubiri kivuko ndipo afike Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Hata leo, masika yakikolea, ziko njia ambazo gari halipiti na bodaboda ndiyo inayombeba mama mjamzito. Ndiyo maana swali hili hatulichukulii kama la urembo tu. Kipande kibaya kikikatika, kuna mtu nyuma ya dereva.

Kitambaa cheusi ni nini

Ni nyuzi za kaboni. Kiwandani huchukuliwa nyuzi za plastiki maalumu, zikapashwa moto unaozidi nyuzi joto 1000 mahali pasipo na hewa ya oksijeni. Haziwaki, bali hubaki kaboni karibu tupu, kama mkaa unavyobaki ndani ya tanuri lililofunikwa vizuri. Tofauti na mkaa ni kwamba nyuzi hizi zina nguvu ya ajabu zikivutwa, na uzito wake kwa ujazo uleule haufiki robo ya uzito wa chuma.

Lakini uzi peke yake haushiki umbo, hujikunja kama kamba. Gundi peke yake nayo hupasuka ikigongwa. Vikiungana, gundi huzishika nyuzi mahali pake na nyuzi hubeba mzigo. Ni siri ileile ya nyumba ya fito na udongo. Fundi akishika jambo hili moja, mengine yote yanafuata: nguvu iko kwenye nyuzi, kwa hiyo kumwaga gundi nyingi hakuongezi uimara, kunaongeza uzito na nyufa.

Nyuzi za kaboni ni ghali na hazipatikani kirahisi. Gundi yake ya epoksi nayo ina kipimo kisichobadilishwa hata kidogo. Kwa kava la pikipiki hatuoni sababu ya kuhangaika nazo. Ndugu yake wa bei nafuu ni nyuzi za kioo, yaani faiba ileile ya maboti na matenki. Ni nzito kidogo na hunyumbuka zaidi, lakini kwa madigadi au kava la pembeni inatosha kabisa. Tena faiba ya kioo hutoa dalili kabla ya kushindwa: huanza kuwa nyeupe mahali ilipoumia. Kaboni mara nyingi hukatika ghafla.

Kazi inavyofanyika

Kava la zamani, hata lililopasuka, ndilo mfano wako. Liunge kwa puti, lipige msasa mpaka liwe laini, kisha lipake nta mara kadhaa, kila mara ukiifuta mpaka ing'ae. Ukipuuza nta, faiba itang'ang'ania na utavunja vyote viwili. Juu ya mfano huo laza faiba upate kalibu. Kalibu ikikauka na kubanduliwa, nayo inapakwa nta, na ndani yake ndimo unamotengeneza kava jipya. Mtu anayetaka kava moja tu anaweza kulaza faiba moja kwa moja juu ya umbo la jasi au udongo mkavu lililofungwa vizuri kwa nailoni. Litatoka na mikwaruzo, lakini msasa upo.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea. Chukua kava la nusu mita ya mraba. Mkeka wa faiba unaotumika sana una uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na tabaka moja likikauka hutoa unene wa karibu milimita moja. Tabaka tatu kwa kava letu ni gramu 675 za mkeka. Gundi ya poliesta inayohitajika ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito huo, yaani kilo moja na nusu hivi. Usiikoroge yote pamoja. Koroga gramu 300, maliza, koroga tena.

Gundi hiyo haikauki bila hadina. Kiasi cha kawaida ni asilimia moja hadi mbili ya uzito wa gundi, kwa hiyo gramu 300 zinahitaji gramu tatu hadi sita. Kwa joto la Ifakara mchana wa jua, baki kwenye asilimia moja na ufanye kazi asubuhi kivulini, la sivyo gundi itaganda ndooni kabla hujamaliza tabaka la kwanza. Epuka pia siku ya mvua. Unyevunyevu huharibu ukaukaji, na mkeka uliolala kwenye sakafu yenye unyevu hauishiki gundi vizuri.

Paka gundi kwenye kalibu, laza mkeka, kisha gongagonga kwa ncha ya brashi badala ya kuburuta. Mkeka ukilowa vizuri weupe wake hupotea. Doa lolote jeupe ni hewa, na hewa ni mahali pa kupasukia. Pembe kali husumbua sana, ndiyo sababu fundi mzoefu huziviringisha tangu kwenye mfano. Liache kava ndani ya kalibu mpaka siku ya pili, hata kama likiguswa linaonekana gumu.

Hadina si kitu cha kuchezea

Tunaomba usome sehemu hii mara mbili. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kupofusha. Vaa miwani ya kinga tangu unapofungua chupa, si unapoanza kupaka. Likiingia, osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kujua. Na kama gundi yako inauzwa na kichapuzi cha kobalti pembeni, kamwe usikutanishe kichapuzi hicho na hadina moja kwa moja, kwani hulipuka. Kimoja kikorogwe kabisa ndani ya gundi kwanza, ndipo kingine kifuate.

Gundi iliyobaki ndooni hupata moto yenyewe, wakati mwingine mpaka ikatoa moshi. Itoe nje uimwage juu ya mchanga, mbali na paa la nyasi na mbali na petroli ya pikipiki. Fanya kazi mahali penye upepo, usivute sigara. Wakati wa kukata kwa grenda funika pua kwa barakoa inayoziba kweli. Kitambaa cha shingoni hakizuii vumbi lile.

Vipande vya kuacha

Madigadi, kava la pembeni, kava la taa, boksi la kubebea mizigo midogo: haya tunayakubali. Usukani, shokapu, fremu, rimu, brenki na keria ya abiria: usiguse. Vipande hivyo hubeba uhai wa mtu na hupigwa na mitikisiko maelfu kila siku, na kosa lililofichika ndani ya faiba halionekani kwa macho. Juni 2023 chombo cha kuzamia kiitwacho Titan, chenye bodi ya nyuzi za kaboni, kilibomoka chini ya Bahari ya Atlantiki na watu watano wakafa. Kilikuwa kimekwenda chini na kurudi salama mara kadhaa kabla ya siku hiyo.

Wengine wametuuliza kuhusu katani, kwa kuwa mashamba ya mkonge hayako mbali, kule Kimamba wilayani Kilosa. Swali zuri. Katani hutumika kweli kwenye vipande vya ndani ya magari. Shida yake ni kunywa maji, hivyo ikaushwe vizuri juani, na kipande kizibwe kingo zote kwa gundi. Kwa kava tunasema jaribu. Kwa chombo cha majini, hapana.

Na mtumbwi je? Wavuvi wengi hutaka kuziba ufa kwa faiba. Inashika iwapo mti umekauka kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki nyingi kivulini, na umepigwa msasa mpaka kwenye mti mzima usiooza. Mtumbwi uliotolewa mtoni jana ukibandikwa faiba leo utaonekana mzima. Maji yaliyomo ndani ya mti yatasukuma kiraka taratibu mpaka kibanduke, na kitabanduka ukiwa majini. Uugonge kwa kidole kabla ya kuushusha mtoni: kiraka kinacholia kama debe tupu kimeshaachana na mti.