KAMATA: basi la serikali na gari letu

Wandugu memba, sisi tuliokulia Lugufu na Nyarugusu tulisikia wazee wa Kigoma wakitaja KAMATA. Ni Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ya Tanzania. Tunaileta hapa juu ya lile gari la shirika.

Mbele kulikuwa DMT, kampuni binafsi ya mabasi Dar es Salaam. Mwaka 1970 serikali ikaichukua, na 1974 ikaigawa mara mbili: UDA ibakie mjini, KAMATA iunganishe mikoa. Ndani ya mikoa kulikuwa makampuni mengine ya umma. Kwenye karatasi, mpango safi kabisa.

Lakini nauli ilipangwa na serikali, iwe chini, mwananchi asiumie. Mafuta na vipuri havikujua huruma hiyo. Vilinunuliwa kwa feza ya kigeni. Mafuta yakapanda 1973, tena 1979, na vita na Uganda ikala akiba. Basi lilikosa kipuri kimoja, likasimama gereji, kisha likaanza kunyofolewa ili lingine litembee. Madereva hawakuwa wavivu, tusiwasingizie. Mwaka 1983 serikali yenyewe ikaruhusu mabasi ya watu binafsi Dar, yale daladala, yaliyotoza shilingi 5, yaani "dala".

Sasa mkutano ujao munataka memba alipe nusu nauli Baraka–Uvira, na mapato yote yaende kwa wagonjwa. Tairi mbili za nyuma zimekwisha. Kwenye daftari hatukuona feza yake.