Ratiba ya mitihani: je, inamwelemea kijana wako?

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa ratiba ya mtihani wa kidato cha nne, karatasi ile hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, hupigwa picha kwa simu na kusambaa kwenye makundi ya wazazi. Swali linalofuata ni lilelile: mitihani yote hii ndani ya majuma machache si mzigo mno kwa mtoto wa miaka 16 au 17?

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu, ingawa mwanafunzi akiusoma mwenyewe ni vizuri zaidi. Jibu letu kwa kifupi: ratiba ya Baraza inachosha, lakini kijana mwenye afya, anayelala na kula, huimudu. Inayowaumiza wengi ni ratiba nyingine, ile ambayo shule na nyumba huipanga miezi mingi kabla ya Novemba.

Ratiba ya Baraza ikoje

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kwa majuma mawili hadi matatu. Siku yenye mitihani miwili, wa kwanza huanza saa 2:00 asubuhi na wa pili saa 8:00 mchana. Mitihani mingi ya nadharia ni ya saa tatu, kwa hiyo siku nzito kabisa ina saa sita za kuandika, na katikati kuna saa tatu za kupumzika. Daraja hupangwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Wanaosoma sayansi wana mzigo wa ziada, kwa sababu fizikia, kemia na baiolojia zina mtihani wa nadharia na wa vitendo.

Hizo saa tatu za mchana zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika shule nyingi za kutwa, mwanafunzi aliyetoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi hukaa hadi saa 8:00 bila kula kitu cha maana, kisha anaingia kwenye hisabati. Wengine huzitumia kubishana chini ya mwembe kuhusu majibu ya mtihani uliokwisha, na kila aliyejibu tofauti na wenzake anaingia chumbani akiwa ameshajihukumu. Mzazi anayechangia chakula cha mchana kwa ajili ya watahiniwa amefanya kazi kubwa ya afya, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Ratiba isiyobandikwa ubaoni

Kabla ya Novemba kuna mtihani wa utamirifu, ule wanafunzi wanaouita moko: pengine wa wilaya, kisha wa mkoa. Kuna majaribio ya kila juma. Kuna tuisheni ya jioni na ya Jumamosi, na kambi ya kusoma wakati wa likizo. Shule za bweni zina prepo ya usiku na nyingine ya alfajiri. Baadhi ya shule binafsi huweka wastani, na asiyeufikia huambiwa akariri darasa au atafute shule nyingine.

Kila kimoja kati ya hivi kina sababu yake. Majaribio humsaidia mwanafunzi kujua asichokijua, na kambi huwasaidia wale ambao nyumbani hawana taa wala meza. Tatizo ni kwamba hakuna anayevijumlisha vyote pamoja. Mwalimu wa jiografia anaongeza kipindi kimoja tu, wa kemia kimoja tu, mzazi naye anaongeza tuisheni moja tu. Chukua kijana anayemaliza prepo saa 5:00 usiku na kuamshwa saa 10:00 alfajiri: amelala saa tano. Akifanya hivyo kuanzia Juni, anafika Novemba akiwa amechoka kabla hata ya kuandika namba yake ya mtihani.

Usingizi ndio unaokatwa kwanza

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Zaidi ya hayo, katika umri huu saa ya mwili husogea. Melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa alipokuwa mdogo. Kwa hiyo kijana asiyesinzia saa 3:00 usiku na asiyeamka vizuri saa 10:00 alfajiri si lazima awe mvivu. Mwili wake unafanya kile ambacho miili ya vijana hufanya.

Usingizi si muda uliopotea masomoni. Ukiwa umelala, ubongo hupanga na kuimarisha kile ulichojifunza mchana. Aliyekesha anaweza kuhisi amesoma sana, kwa sababu kurasa zimepita nyingi, lakini asubuhi anakuta yamebaki machache. Pia anakasirika upesi, anasahau maelekezo ya mtihani, anasoma swali mara tatu bila kulielewa.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havilipi deni hili. Kafeini huficha uchovu kwa muda, na nusu yake inaweza kuwa bado mwilini saa tano au zaidi baada ya kuinywa. Kopo la saa 2:00 usiku linaharibu usingizi wa saa 6:00 usiku. Kwa kijana mwenye wasiwasi tayari, huongeza mapigo ya moyo na kutetemeka mikono, naye hudhani hofu imemzidi. Wanaotafuna mirungi ili wakeshe wako kwenye hatari kubwa zaidi, na si suala la sheria peke yake.

Hofu ya mtihani inafanya nini mwilini

Hofu kidogo inafaa. Tangu Yerkes na Dodson walipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1908, imejulikana kwamba kiumbe hufanya vizuri akisisimka kiasi, na huharibu akisisimka kupita kiasi, hasa kazi ikiwa ngumu. Mwanafunzi asiyejali kabisa hasomi. Aliyejaa hofu anasoma, lakini akikaa mbele ya karatasi kichwa kinakuwa cheupe.

Mwili unapohisi hatari hutoa adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linavuruga. Hii ikitokea asubuhi ya mtihani na kupita, ni kawaida. Ikidumu kwa miezi, ndipo huja maumivu ya kichwa yasiyoisha, kuharisha au kukosa choo, vidonda vya tumbo vya zamani kuuma upya, na kwa wasichana hedhi kuchelewa au kubadilika. Hedhi iliyochelewa bado inahitaji kuchunguzwa, msongo usiwe jibu la kila kitu.

Kuna sura nyingine ya msongo ambayo shule zetu zinaifahamu vizuri: wasichana kadhaa wa bweni moja wanaanguka, wanalia au kupiga kelele, na watu wanasema ni mapepo. Tukio la aina hii lililoandikwa sana duniani lilitokea kwetu, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, mwaka 1962. Kicheko kilianza kwa wasichana watatu mwishoni mwa Januari, kikawashika wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala maambukizi. Watafiti waliofuata wamelihusisha na msongo wa pamoja wa watu wanaoishi chini ya amri kali na wasio na njia nyingine ya kuusema. Wasichana hao hawakuwa wakiigiza. Yakitokea kwenu, watenganisheni kwa utulivu, waondoeni watazamaji, mhakikishe wanapimwa na mhudumu wa afya, kisha mwaulize wanafunzi ratiba yao ya siku ikoje.

Wakati wa kuacha kusubiri

Kila mtahiniwa ana siku mbaya. Tunachotaka ukitazame ni mabadiliko yanayodumu majuma mawili au zaidi: hali, au anakula bila kipimo, halali hata akipewa nafasi, amejitenga na rafiki zake wa siku zote, ameacha mpira au kwaya aliyoipenda, analia au anafoka bila sababu inayoonekana, anasema yeye ni mzigo, au kwamba akifeli hakuna haja ya kuendelea kuishi.

Hilo la mwisho halisubiri majuma mawili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: “Mwanangu, umewahi kufikiria kujidhuru?” Wengi huogopa kwamba swali litamtia wazo hilo kichwani. Halimtii, mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na viuatilifu karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kesho ana mtihani.

Kinachosaidia

Kaa naye na ratiba zote mbili, ya Baraza na ya nyumbani, mziandike kwenye karatasi moja. Anzeni kwa kuweka usingizi, kisha chakula, kisha masomo katika saa zinazobaki. Ikiwa hazitoshi, punguzeni tuisheni moja. Mwalimu mkuu naye anaweza kuulizwa kwenye kikao cha wazazi kwa nini prepo ya alfajiri inaanza saa 10:00. Ni swali la heshima na mna haki ya kuliuliza.

Kusoma vizuri huchukua muda mfupi kuliko kusoma kwa hofu. Badala ya kurudia daftari mara ya tano, alifunge na kuandika anachokumbuka, kisha alinganishe. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima hivi walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko waliorudia kusoma tu, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi.

Kwa mwenye uoni hafifu au ulemavu mwingine, kuna utaratibu wa kuongezewa muda. Shule iupeleke uhitaji wake mapema, wakati wa usajili.

Januari ni sehemu ya ratiba

Familia nyingi hulegeza macho mtihani ukiisha. Lakini matokeo hutoka Januari, na siku ile kila mwenye simu anaweza kuona alama za mtoto wa jirani. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, hatua tunayoiunga mkono, ila orodha za mitaani hazijaisha. Siku hiyo awe na mtu mzima karibu. Usiyasome matokeo kwa sauti mbele ya wageni. Daraja sifuri lina njia baada yake: kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ufundi stadi kupitia VETA. Mweleze njia hizo mapema, Oktoba, wakati bado hajui kama atazihitaji, ili asizisikie kwa mara ya kwanza kama adhabu.

Mtoto au mtu anayemlea anaweza kupiga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo, Tanzania na Kenya. Unaweza pia kwenda kituo cha afya kilicho karibu au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya yako.