"Kurudi Nyumbani" au Kurejea Shuleni?

Mfasiri mmoja alituletea hadithi ya shule ya sekondari ya Marekani, ambamo wanafunzi "wanarudi nyumbani" na papo hapo wamejaa uwanjani. Kwa msomaji wetu, hasa aliyesoma shule ya bweni, mwanafunzi hurudi nyumbani shule inapofungwa. Wamarekani hapo husema nyumbani wakikusudia shule yenyewe.

Historia ya neno yaonyesha hivyo. Mwaka 1911 mechi ya futiboli ya Kimarekani baina ya Missouri na Kansas ilichezwa Columbia, penye Chuo Kikuu cha Missouri, na mkuu wa michezo wa chuo, Chester Brewer, akawaita wahitimu waje "nyumbani" kuitazama. (Ilikwisha sare, 3 kwa 3.) Chuo cha Baylor, Texas, kilikwisha kutoa mwaliko kama huo mwaka 1909. Baadaye shule za sekondari ziliiga: magari yaliyopambwa na klabu za wanafunzi, mechi, dansi, na kutawazwa kwa mfalme na malkia. Twasema klabu kwa makusudi. "Chama" kimekwisha elemewa na siasa.

Wanaotawazwa ni wanafunzi waliopo, wala si wahitimu. Kwa hiyo "siku ya wahitimu" haitoshi, na "mahafali" ni jambo jingine kabisa. "Marejeo" nayo yamekwisha twaliwa na orodha za vitabu. Twapendekeza "tamasha la kurejea shuleni". Twakiri kwamba nyumbani pamepotea. Mfasiri wa riwaya aweza kuparudisha vinywani mwa wahusika, lakini si katika hati za ofisi.