Nani Alisema? Safari ya Misemo Ndani ya Kompyuta

Leo naweka kando habari za programu mpya, nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila kukicha: kutumiana misemo ya kutia moyo. Mnaijua ile picha ya jua linachomoza, maneno mawili matatu juu yake, na chini jina la mtu mashuhuri. Kuna wanaosema ni kelele tu. Mimi nilikuwa mtumaji mkubwa, na upo msemo mmoja ulionirudia.

Mwaka 2019 jamaa yetu mmoja tuliyesoma naye chuo alianguka masomo mawili, akaanza kufunga virago arudi nyumbani. Nikamtumia kwenye kundi letu la WhatsApp maneno fulani kuhusu mtu kuuogopa uwezo wake mwenyewe. Chini yaliandikwa: Nelson Mandela, hotuba ya kuapishwa, 1994. Tuliyajadili mpaka usiku wa manane. Mmoja alisema Mandela alikuwa anawaambia watu weusi wa Afrika Kusini wasiogope kutawala. Mwingine akasema hapana, alikuwa anajisemea mwenyewe baada ya miaka 27 gerezani. Yule jamaa alisoma yote bila kujibu neno. Kesho yake akaandika kwamba amebaki. Akarudia masomo yale, akamaliza. Maneno aliyachapisha kwenye karatasi, akayabandika juu ya meza yake.

Miaka kadhaa baadaye shule yake ya zamani ilimwalika azungumze na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Akaniuliza, "Bro, yale maneno ya Mandela yako sehemu gani ya hotuba? Nataka niwasomee na yanayotangulia." Nikaitafuta hotuba ya tarehe 10 Mei 1994, aliyoitoa Pretoria. Nikaisoma mwanzo hadi mwisho, kisha nikairudia.

Hayamo.

Maneno yale ni ya Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake A Return to Love kilichotoka 1992, miaka miwili kabla ya Mandela kuapishwa. Yamo pia katika filamu ya Coach Carter ya 2005, ambamo kijana mmoja anayatamka bila kusema yametoka wapi.

Sasa mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikikuta hitilafu sitosheki na kuirekebisha tu, nataka nijue iliingilia wapi. Basi nikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Kukusanya misemo si jambo la juzi. Erasmus alitoa kitabu chake cha methali za Kigiriki na Kilatini, Adagia, mjini Paris mwaka 1500, kikiwa na methali mia nane na ushee. Kufikia toleo la mwisho la uhai wake, 1536, zilikuwa zimepita 4,000. Kule Cambridge, Massachusetts, John Bartlett alikuwa na duka la vitabu karibu na chuo cha Harvard, na watu walizoea kumwendea kumuuliza nani alisema nini. Mwaka 1855 akachapisha majibu yake yakawa kitabu, Familiar Quotations. Zingatia jambo moja hapa: kazi yote ya watu hawa ilikuwa kuonyesha maneno yametoka wapi. Bila hilo, kitabu cha Bartlett kisingekuwa na faida.

Kisha ikaja kompyuta.

Mwaka 1979 maabara ya Bell ilitoa toleo la saba la Unix. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iitwayo fortune, jina lililotokana na vile vibiskuti vya migahawa ya Kichina huko Marekani vyenye kijikaratasi cha utabiri ndani. Kazi yake ni moja tu: ukiiita, inakutolea msemo mmoja kwa kubahatisha. Watu wakaiweka ijiendeshe kila wanapoingia kwenye kompyuta, hivyo siku ya kazi ikaanza na neno la hekima au la mzaha. Baadaye Ken Arnold wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika toleo lililoenea na Unix ya BSD. Hadi leo ukitumia Linux unaweza kuipata.

Nilifungua mafaili yake nione yamepangwaje. Ni maandishi matupu. Msemo, kisha mstari wenye alama ya % peke yake, kisha msemo mwingine. Programu nyingine, strfile, inapita na kuandika faharasa inayoonyesha kila msemo unaanzia wapi, ili fortune iweze kuruka moja kwa moja hadi pale ilipobahatisha. Ni kazi safi kabisa. Lakini angalia kisichokuwepo: hakuna mahali pa jina. Hakuna kisanduku cha msemaji, wala cha kitabu, wala cha mwaka. Mwandishi akitajwa, jina lake ni herufi tu kama herufi nyingine, mstari wa chini wenye vistari viwili mbele. Ukilifuta, programu haitalalamika. Ukiweka jina la mtu mwingine, haitalalamika pia.

Hapo nikaona mlango wa kwanza wa ile hitilafu. Bartlett alilichukulia jina kama sehemu ya msemo. Kompyuta ikalichukulia kama pambo.

Wakati huohuo, 1979, Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke walibuni Usenet, iliyoanza kazi 1980. Huu ulikuwa mtandao wa makundi ya mazungumzo, miaka kumi na zaidi kabla ya wavuti kufika kwa watu. Kila mtu aliweza kuwa na faili la sahihi, linalojibandika lenyewe chini ya kila anachoandika: jina lake, anwani, na mara nyingi msemo anaoupenda. Watu wakazidisha, sahihi zikawa ndefu kuliko ujumbe wenyewe. Ikazuka desturi ya mistari minne, na mwaka 1995 ikaandikwa katika waraka wa adabu za mtandaoni, RFC 1855, kwamba sahihi isizidi hapo. Mistari minne! Weka jina lako, barua pepe yako, mahali pako pa kazi. Uliobaki ni mstari mmoja. Ndani ya mstari mmoja utaweka msemo, msemaji, kitabu na ukurasa? Thubutu. Kitabu na ukurasa vikaenda kwanza.

Simu nazo zikaja na ukomo wake, herufi 160 kwa SMS. Twitter, iliyoanza 2006, ikaamua herufi 140. Na hapo ndipo kilipotokea kisa ambacho kila anayetengeneza programu za kupashana ujumbe angepaswa kukijua.

Usiku wa tarehe 1 Mei 2011, saa za Marekani, Rais Obama alitangaza kwamba Osama bin Laden ameuawa. Sisi Wakenya habari hiyo ilitugusa kwa namna yetu, maana shambulio la Agosti 7, 1998 liliua watu zaidi ya 200 hapa Nairobi. Kule Marekani watu wengine walishangilia barabarani. Mwalimu mmoja kijana, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Japani, hakufurahia kushangilia kule. Akaandika kwenye Facebook sentensi moja yake mwenyewe: kwamba ataomboleza maelfu waliopotea, lakini hatashangilia kifo cha mtu, hata kama ni adui. Baada ya sentensi hiyo akafungua alama za kunukuu, akaweka maneno ya Martin Luther King kutoka kitabu cha Strength to Love cha 1963, akazifunga, akaandika jina la King. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

Marafiki wakanakili na kubandika. Katika kubandika huko, alama za kunukuu zikapotea. Zikipotea zile, sentensi ya mwalimu na maneno ya King zinakuwa kitu kimoja chenye jina moja chini. Maneno ya King yalikuwa marefu mno kwa Twitter. Sentensi ya mwalimu ilikuwa chini ya herufi 120, na nafasi ya jina inabaki. Unaona kilichofuata? Maneno ya King yakakatwa, ya mwalimu yakabaki, jina la King likabaki. Mchekeshaji Penn Jillette aliyatuma kwa wafuasi wake wengi, na kwa muda mfupi watu wengi mno wakawa wanamnukuu King kwa jambo ambalo hakulisema. Mwandishi Megan McArdle wa jarida la The Atlantic ndiye aliyehisi kuna kasoro na kufuatilia. Jillette naye alikiri kosa.

Tafadhali tazama vizuri. Hakuna aliyedanganya. Si mwalimu, si rafiki zake, si yule mchekeshaji. Uongo ulitengenezwa na alama mbili ndogo zilizodondoka njiani, na ukomo wa herufi ukamaliza kazi.

Wala tusiitupie mashine lawama zote. Ile sentensi maarufu ya Voltaire, ya kwamba hakubaliani nawe lakini atatetea hadi kufa haki yako ya kusema, haikuandikwa na Voltaire. Iliandikwa na Mwingereza Evelyn Beatrice Hall katika kitabu cha 1906, akieleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake mwenyewe, ila akaiweka ndani ya alama za kunukuu. Kwa mwalimu wetu alama zilipotea, kwa Hall zilikuwepo pasipohitajika. Matokeo ni yaleyale: maneno yakamkimbia mama aliyeyaandika, yakaenda kwa mwanamume mwenye jina kubwa. Williamson, Hall, na yule mwalimu pia ni mwanamke. Sitasema zaidi, jumlisha mwenyewe.

Tiba zimejaribiwa. Wikiquote ilianza 2003, na kurasa zake nyingi za watu mashuhuri zina sehemu maalumu ya maneno waliyosingiziwa. Tovuti ya Quote Investigator imekuwa ikichimba asili ya misemo tangu 2010. Twitter iliweka kitufe cha kurudia ujumbe mwaka 2009, badala ya watu kunakili kwa mkono, na jina la mwandishi likawa linasafiri pamoja na maneno yake. WhatsApp iliweka alama ya ujumbe uliosambazwa mwaka 2018, kisha 2019 ikapunguza mara unazoweza kuusambaza kwa mpigo kuwa tano. Lakini alama ile inakuambia tu kwamba ujumbe umetoka kwingine. Umetoka kwa nani? Kimya.

Basi nikamwandikia jamaa yetu ukweli wote, palepale kundini, mbele ya wote walioshiriki ule mjadala wa 2019. Nilijisikia vibaya. Akakaa karibu saa nzima, kisha akaandika: "Kwa hivyo mimi nilibaki chuo kwa sababu ya uongo?"

Mjadala ukawaka upya. Mmoja akasema maneno ni maneno, dawa ikiponya usiulize mganga. Mwingine akakataa katakata: maneno yale yalikuwa na uzito kwa sababu ya miaka 27 ya gereza, ukimwondoa Mandela unaondoa uzito. Mimi nilikubaliana naye nusu. Nilikwenda kuyasoma mle kitabuni, na maana imebadilika kweli. Williamson anazungumzia Mungu, upendo na hofu ya moyoni mwa mtu mmoja mmoja. Tafsiri zetu zote za usiku ule, utawala, gereza, watu weusi kusimama, tulizitoa kwenye jina, si kwenye maneno. Tulikuwa tunajadili mstari wa chini.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni dada mmoja wa Mombasa. Akatukumbusha kanga. Misemo ya kanga ilianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na duka la Kaderdina Hajee Essak la huko Mombasa, wengi wanalijua kwa Mali ya Abdulla, ndilo hutajwa sana katika historia hiyo. Kanga ina msemo na ina alama ya duka, lakini haina jina la mtunzi. Na hakuna anayeuliza. Jirani akipita mbele yako na kanga yenye neno la kukuchoma, huendi kumtafuta aliyeandika. Unajua aliyesema ni nani: ni yeye aliyeivaa. Hata tunaposema wahenga walinena, hatumkopi mtu jina lake. Tunasema wazi kwamba mwenyewe hajulikani, na anayetumia methali ndiye anayeibeba.

"Kwa hivyo," akamwambia yule jamaa, "aliyekuambia ubaki hakuwa Mandela wala huyo mama. Ni huyu aliyekutumia saa tano usiku. Yeye ndiye aliyevaa kanga."

Sikujua la kujibu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Mandela kwa sababu niliona neno langu mwenyewe halitatosha.

Jamaa alikwenda shuleni kwake. Aliwasomea maneno yale, akasema ni ya Marianne Williamson, kitabu cha 1992. Kisha akawasimulia jinsi yalivyomfikia, pamoja na kosa letu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Karatasi ya juu ya meza hakuibandua. Alikata jina la Mandela kwa kalamu, akaandika la Williamson, na pembeni kwa herufi ndogo akaandika la kwangu.

Nami siku hizi bado natuma misemo. Ila kwanza natafuta ilikotoka, na nisipopata, naandika kwa maneno yangu na kuweka jina langu. Kwaherini kwa leo.