Hodi kwa Mtoto Asiyeumwa

Kabla ya mwaka 1908, ofisi ya afya ya jiji la New York ilimjua mtoto siku alipougua, na mara nyingi siku alipokufa. Kila Julai na Agosti, joto lilipopanda na maziwa kuchacha, kuhara kulibeba vichanga wa mitaa ya maskini ya Lower East Side. Dk. Sara Josephine Baker, mkaguzi wa afya aliyezoea ngazi za majengo hayo, alijua kwamba daktari akiitwa, kwa kawaida keshachelewa.

Majira ya joto ya 1908, shule zikiwa zimefungwa, alipewa manesi 30 wa shule na mtaa mmoja wa kujaribia. Kila asubuhi walichukua kwa msajili orodha ya watoto waliozaliwa jana yake, kisha nesi akaenda kubisha hodi. Hakwenda kutibu, maana mtoto alikuwa mzima. Alimwonyesha mama jinsi ya kumwogesha, akamsihi ampunguzie nguo alizofungwa gubigubi, afungue dirisha, na amnyonyeshe badala ya kumpa maziwa ya dukani. Msimu ulipokwisha, vifo katika mtaa huo vilikuwa vimepungua kwa 1,200 ukilinganisha na mwaka uliotangulia.

Agosti ya mwaka huohuo jiji likaanzisha idara ya afya ya mtoto na kumkabidhi Baker. Madaktari sita wanaume waliopangwa chini yake waliomba kuondoka, kwa kuwa bosi ni mwanamke. Akawaomba wavumilie mwezi mmoja tu. Walibaki.

Vituo vya maziwa salama vikafunguliwa, na mama alipofuata maziwa mtoto alipimwa. Wakunga wakasajiliwa. Wasichana waliobaki na wadogo zao wakati mama yuko kiwandani (nani kati yetu hajalelewa na dada?) wakafundishwa kulea katika vyama vyao.

Kwangu mimi, heshima kubwa inastahili kitu kidogo kuliko vyote. Matone ya kuwakinga vichanga na upofu unaotokana na kisonono yalikaa chupani hadi yakaingia uchafu, au maji yakakauka na dawa ikawa kali mno, ikaunguza macho. Baker akaagiza vidonge vya nta ya nyuki, kila kimoja na dozi ya jicho moja. Mkunga alikitoboa, akadondosha, akakitupa.

Kundi la madaktari wa Brooklyn lilimwandikia meya likitaka idara ifungwe, kwa kuwa watoto wenye afya walikuwa wanawaharibia kazi. Haikufungwa. Kabla ya idara kuanza, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa New York, zaidi ya 140 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Baker alipostaafu mwaka 1923, walikuwa chini ya 70.