Kompresa Iliyojifunza Kupumzika

Historia ya kiyoyozi cha gari husimuliwa zaidi kama historia ya kupata baridi: nani aliiweka kwanza, mwaka gani, katika gari lipi. Masimulizi hayo huruka jambo zito kuliko yote. Baridi yenyewe ilikwisha kupatikana. Majokofu yalikuwa yakifanya kazi katika nyumba za Wamarekani tangu miaka ya 1920, na gesi ya R-12, iliyobuniwa na Thomas Midgley na wenzake mwaka 1928, ilikuwa sokoni. Kilichokosekana ni njia ya kuizuia hiyo baridi. Jokofu la nyumbani lina mota yake, na mota hiyo huzimwa na kuwashwa bila kusumbua kitu kingine chochote. Kompresa ya gari huzungushwa kwa mkanda na injini ileile inayosukuma magurudumu, na injini haizimwi katikati ya barabara kwa sababu abiria ameanza kutetemeka. Nashikilia kwamba kiyoyozi kilikuwa chombo cha watu wengi pale tu kompresa ilipoweza kusimama huku injini ikiendelea, na kwamba karibu kila hatua kubwa iliyofuata ilihusu namna bora ya kuisimamisha.

Ushahidi wa kwanza ni Packard. Kampuni hiyo ilionyesha gari lenye kiyoyozi mjini Chicago mnamo Novemba 1939, kwa ajili ya magari ya mwaka 1940. Mtambo ulitengenezwa na Bishop and Babcock wa Cleveland, Ohio, na mnunuzi aliulipia dola 274 juu ya bei ya gari. Koili ya ubaridi ilikaa nyuma na kumeza sehemu kubwa ya buti. Kompresa ilikuwa mbele kwenye injini, bila klachi yoyote, kwa hiyo injini ikizunguka nayo ilizunguka. Dereva aliweza kupunguza feni, lakini kuizima kompresa kabisa kulimtaka asimamishe gari, azime injini, afungue boneti na kuvua mkanda kwa mikono yake. Alipotaka baridi tena, aliurudisha. Cadillac walijaribu mwaka 1941 kwa magari yapatayo 300, yakiwa na kasoro hiyohiyo.

Wapo watakaosema kilichoua jaribio hilo ni bei na vita, na kwamba mkanda ni jambo dogo. Vita ilikuwa na uzito wake, maana Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya kiraia. Ila amani ilirudi mwaka 1945, wanunuzi walikuwa na fedha, na bado viwanda vikubwa havikurudisha kiyoyozi hadi mwaka 1953. Kiliporudi hakikuwa rahisi: Cadillac walikiuza kwa zaidi ya dola 600. Bei ilikuwa imepanda, na wanunuzi walijitokeza. Tofauti mojawapo ni kwamba katika mifumo hiyo ya General Motors, kampuni mama ya Cadillac, ingawa kompresa iliendelea kuzunguka, vali ya umeme iliielekeza gesi njia ya mkato na baridi ikakoma. Dereva aliizuia baridi akiwa amekaa kitini. Ulikuwa upungufu mkubwa kuacha kompresa ikila nguvu za injini bure, lakini boneti haikuhitaji tena kufunguliwa.

Suluhisho kamili zaidi lilitoka kwa kampuni ndogo. Nash ilikuwa imeungana na Kelvinator, watengenezaji wa majokofu, mwaka 1937, na ujuzi wa jikoni ukaingia garini. Mwaka 1954 walitoa mfumo uliokaa wote upande wa mbele, wenye uzito wa kilo 60 hivi, kwa dola 345. Vitufe vilikuwa kwenye dashibodi, na kompresa ilikuwa na klachi ya umeme. Muundo huo ungalimo katika magari mengi tunayoendesha leo. Puli huzunguka muda wote juu ya beringi yake bila kuigusa shafti ya kompresa. Mbele ya puli pana sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti, na kati ya viwili hivyo upo mwanya usiofika milimita moja. Umeme ukiingia kwenye koili iliyo nyuma ya puli, sumaku huvuta sahani, mlio mfupi husikika, na kompresa huanza kazi. Umeme ukikatika, springi huirudisha sahani na kompresa hutulia.

Sasa lilibaki swali la nani atakata umeme huo. Dereva hatoshi, kwa sababu ndani ya mfumo mna hatari asiyoiona. R-12 ikishuka hadi pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba, joto lake hufika sifuri, na unyevu wa hewa hugeuka barafu juu ya koili hadi upepo ukose pa kupita. General Motors katika miaka ya 1960 waliikwepa hatari hiyo kwa vali iliyoshikilia shinikizo juu kidogo ya kiwango hicho huku kompresa ikizunguka bila kupumzika, na baridi iliyozidi wakaichanganya na hewa moto ya hita. Mfumo wa Cadillac wa mwaka 1964, uliojipangia joto wenyewe, ulitumia mtindo huo wa kuchanganya. Hili ndilo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu, maana abiria wa magari hayo walipata hewa tulivu kuliko waliopanda magari ambayo klachi yake iliwaka na kuzima. Nakubali kwamba kwa starehe tupu vali ilishinda. Lakini starehe hiyo ililipiwa na petroli, na petroli ilikuwa rahisi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliizuilia Marekani mafuta, na Desemba 1975 ikapitishwa sheria iliyotaka magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1978 yatumie mafuta kidogo zaidi. Katikati ya muongo huo General Motors wenyewe waliiacha vali, wakarudi kwenye klachi inayokatwa na swichi ya shinikizo: chini ya pauni 25 hivi huzima, ikipanda kukaribia 45 huwasha tena.

Wengine watasema klachi nayo imepitwa. Mwaka 1985 General Motors walileta kompresa inayopunguza mwendo wa pistoni zake badala ya kuzima, na Toyota Prius ya mwaka 2003 ilikuwa na kompresa ya umeme isiyohitaji mkanda. Naona hizo zinaithibitisha hoja. Kompresa iliyojua kufanya kazi au kusimama imefundishwa sasa kufanya kazi kidogo, na ile ya umeme imerudia uhuru wa jokofu la nyumbani.

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yana swichi ya shinikizo, na gesi yake ni R-134a, mojawapo ya gesi ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza kwa sababu huongeza joto la dunia. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja, swichi hukata ili kompresa isizunguke kavu. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja kuiruka swichi hiyo anaifuta kazi ya miaka mingi, na kompresa inaweza kuishia kusaga vyuma vyake. Kompresa ya gari lako ikikataa kuwaka, mtake fundi atafute kwanza panapovuja.